Kazi Isiyo na Hesabu

Wako wazee wetu, na hata vijana waliosoma, wasemao ya kwamba mwanamke wa zamani hakuwa na haja ya kutafuta kazi, kwa kuwa kazi alikuwa nayo tangu kuzaliwa, nayo ni ndoa. Husema hivyo kwa fahari, kana kwamba wametaja hazina ya utamaduni wetu. Mimi nimetumikia serikali kwa miaka mingi na nazijua kanuni za utumishi. Basi nayakubali maneno yao kwa kitambo kidogo, ili tuyapime. Ikiwa ndoa ilikuwa kazi, masharti yake yalikuwaje?

Mtumishi huomba kazi mwenyewe, binti aliombewa. Mtumishi hupokea ujira wake. Mahari ya binti yalipokewa na baba na ukoo wake. Mtumishi hupewa likizo. Mke hakuijua likizo ila ya kujifungua, nayo ilikwisha kabla nguvu hazijamrudia. Mtumishi akistaafu hupata pensheni. Na mjane je? Amri ya Tamko la Sheria za Mila ya mwaka 1963, iliyoandikwa kwa ajili ya makabila yafuatayo ukoo wa baba, ilimjibu waziwazi: mjane hana fungu katika urithi ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake, fungu la mjane ni kutunzwa na watoto wake, kama yeye alivyowatunza. Twasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mke alipewa jembe hilo, akalima miaka thelathini, na siku mume alipofariki ukoo ukamwita mgeni.

Tusijidanganye kwamba nayasema ya mbali. Nenda Runazi, katika wilaya ya Biharamulo, au vuka uingie Ngara kwenye migomba na mibuni. Nani huamka kwanza kuchota maji? Nani hupalilia maharage na mihogo, mtoto akiwa mgongoni? Mbuni hupaliliwa na wawili, pengine na mke peke yake. Lakini siku ya malipo, mara nyingi jina lililo katika daftari la chama cha msingi ni la mume. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lililisema jambo hili bila kuficha: kwamba wanawake wa vijijini hufanya kazi saa kumi na mbili au kumi na nne kwa siku, hata Jumapili na sikukuu, ilhali wanaume wa vijijini wamo katika likizo nusu ya maisha yao. Wanaume tulilipigia makofi Azimio. Fungu hilo tulilipita upesi.

Najua nitajibiwa kwa ushairi, maana huo ndio uwanja wangu. Nitaambiwa: mbona Mwana Kupona, malenga wa kike wa Pate, alimwusia bintiye mwaka 1858 amtii mumewe na kumtunza? Ni kweli, na walimu wanafanya vema kuufundisha utenzi wake. Lakini tuusome kwa akili. Mama yule alikuwa mgonjwa, akijua kwamba atamwacha binti katika ulimwengu uliomfungulia mlango mmoja tu. Alimpa ufunguo wa mlango huo. Je, alimkataza milango mingine? Haikuwapo. Na tusisahau kwamba mwusiaji mwenyewe alikuwa na kalamu, nayo ndiyo iliyolihifadhi jina lake, si unadhifu wa nyumba yake. Anayetaka kumfuata Mwana Kupona na ampe binti yake kalamu kwanza.

Wengine watasema kwamba kuhesabu kazi ya mke ni kuigeuza nyumba kuwa soko na kuua mapenzi. La hasha! Kinachoua mapenzi ni dhuluma. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliitaka mahakama, igawapo mali ya wanandoa walioachana, iangalie mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi. Hata hivyo, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Mwanzo ilimwona kuwa mke tu, asiyechangia nyumba iliyonunuliwa na mume. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ikaamua kwamba kazi ya nyumbani ni mchango. Bi Hawa mwenyewe hakuongezewa kitu, lakini aliwaachia wanawake wote kanuni kubwa.

Sheria hiyohiyo ya 1971 ilikuwa na doa: ilimruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka kumi na mitano, ilhali mvulana alitakiwa kutimiza kumi na minane. Mahakama Kuu ilitamka mwaka 2016 kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume cha Katiba, na Mahakama ya Rufani ikaithibitisha hukumu hiyo mwaka 2019. Hukumu imetolewa Dar es Salaam. Utekelezaji wake wa kweli uko Runazi, katika kikao cha baba, mjomba na mshenga, wakati binti angali na daftari mkononi.

Ndugu walimu, na ninyi wanafunzi, sisemi ndoa ni mbaya. Nimeoa, na neema yake naijua. Nasema kwamba ndoa ni makao ya watu wawili, wala si ajira ya mmoja wao. Utamaduni ni mti: hupogolewa matawi makavu ili uzae. Tuyahifadhi heshima, huruma na uangalizi wa wazee. Tuitupe desturi ya kumtumia mtu maisha yake yote kisha kumwambia hana lake.

Ndoa tuiite nyumba, ya watu wawili sawa,
Aliyelima mashamba, haki yake kugaiwa,
Mwana asiwe mchumba, shuleni akatolewa,
Kazi isiyo hesabu, mwenyewe hudhulumiwa.