Kimo Huanzia Wapi? Kompyuta za Baiskeli na Maji ya Mbaraki

Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Aghalabu methali hii hutumiwa kumkumbusha mtu kwamba chombo kizuri kina jasho la fundi ndani yake. Katika zama hizi za sayansi na teknolojia, yafaa itumiwe pia kwa tarakimu. Mwendesha baiskeli anayevuka Likoni kwa feri, kisha akapanda kuelekea Mbaraki, hutazama kompyuta ndogo iliyofungwa kwenye usukani wake na kusoma kimo cha mahali alipo. Tarakimu hiyo huelea kiooni bila wasiwasi wowote. Ni nadra mtu kuuliza imeundwa vipi, na imeanza kuhesabiwa wapi.

Swali hilo lina uzito wa pekee Mbaraki. Mtaa huu umepakana na bandari ya Kilindini, na wastani wa usawa wa bahari uliopimwa Kilindini ndio msingi wa vimo katika ramani za Kenya, kuanzia mitaa ya pwani hadi vilele vya Mlima Kenya. Hivyo basi, mkazi wa Mbaraki anaishi jirani na sifuri ya taifa zima. Kifaa kinachokosea hapa hukosea mlangoni pa kipimo chenyewe.

Kifaa cha aina hii hupata kimo kwa njia tatu, na kila njia ina udhaifu wake. Ya kwanza ni GPS. Setilaiti zote zinazopokelewa na kifaa ziko juu ya upeo wa macho. Hakuna hata moja iliyo chini ya ardhi ya kusahihisha hesabu kutoka upande wa pili. Kwa sababu hiyo, kosa la kimo huwa kubwa kuliko kosa la mahali. Isitoshe, GPS haiijui bahari. Huhesabu kimo kutoka kwenye umbo laini la kihisabati linalowakilisha dunia, na katika mwambao wa Kenya uso wa bahari uko zaidi ya mita 20 chini ya umbo hilo. Kifaa kisichofanya masahihisho kingemwambia mtu aliyesimama ufukoni Mbaraki kwamba yumo chini ya maji. Vifaa vingi hufanya masahihisho hayo kimyakimya, naye msomaji hana habari.

Njia ya pili ni baromita, inayopima kanieneo ya hewa. Karibu na usawa wa bahari, kanieneo hupungua kwa hektopaskali 1 kwa kila mita 8 hivi za kupanda. Baromita ni hodari wa kutambua mabadiliko madogo, lakini kanieneo hubadilika hata baiskeli ikiwa imeegeshwa. Katika maeneo ya ikweta, hewa nayo ina kujaa na kupwa kwake: hufikia kilele mnamo saa nne asubuhi, kisha hupungua kwa hektopaskali 3 hivi hadi saa kumi alasiri. Kwa hesabu ya kifaa, huko ni kupanda takriban mita 25. Nguzo ya Mbaraki, ule mnara wa kale wa mawe ya matumbawe, haifiki mita 20. Baiskeli iliyoegemezwa hapo tangu asubuhi hadi alasiri, ikiwa kifaa hakikurekebishwa, huweza kuandikiwa kwamba imepaa na kuipita nguzo yenyewe.

Njia ya tatu ni kuchukua kimo kutoka kwenye ramani za kidijitali. Baadhi ya ramani hizo zimetokana na vipimo vya rada vilivyokusanywa na chombo cha anga cha Marekani, Endeavour, mnamo Februari 2000. Rada mara nyingi hurudisha kimo cha paa au cha kilele cha mti badala ya kimo cha barabara. Fauka ya hayo, penye daraja ramani huweza kutoa kimo cha maji yaliyo chini yake. Avukaye Daraja la Nyali basi huandikiwa kwamba ameteremka hadi baharini na kupanda tena, ilhali magurudumu yake hayakuiacha lami.

Yamkini mtu atasema kwamba haya ni mambo ya michezo, na kwamba mita 25 si kitu. Katika Milima ya Taita huenda ikawa hivyo. Katika kisiwa cha Mombasa, kisicho na vilima vya kutajika, mita 25 huweza kuwa safari nzima. Waendesha baiskeli wawili wakipita njia moja na kupata jumla mbili tofauti za kupanda, si lazima mmoja awe mwongo. Hata hivyo, vipimo hivi havibaki michezoni. Mwanafunzi akivitumia kuonyesha ni nyumba zipi zilizo juu ya maji ya mafuriko, kosa la mita 3 ni tofauti kati ya sebule kavu na sebule iliyofurika.

Wala si kompyuta ya baiskeli peke yake inayohitaji kuulizwa. Vizazi vya wanafunzi wa Afrika Mashariki vimekariri kwamba Kilimanjaro una mita 5,895, kipimo cha mwaka 1952. Kipimo cha setilaiti cha mwaka 1999 kilitoa mita 5,892.55. Tofauti hiyo si ushahidi kwamba mlima umepungua. Mbinu ya kupima ilikuwa nyingine.

Hapa ndipo wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili wanapohusika. Neno mwinuko limetwishwa mizigo mingi mno: kilima, mteremko wa barabara, kimo juu ya bahari, na jumla ya kupanda katika safari nzima. Msomaji atawezaje kukitilia shaka kifaa iwapo lugha yenyewe imevichanganya vitu hivyo? Ingefaa neno kimo litengewe urefu wa kwenda juu, litajwe pamoja na mahali unapoanzia. Jumla ya kupanda iitwe hivyo hivyo. Na mwinuko ubakie kuwa sifa ya ardhi.

Si kweli kwamba Kiswahili hakina mazoea ya usahihi wa namna hii. Mabaharia na wavuvi wa mwambao hawaitaji bahari kana kwamba imetulia. Husema maji yanajaa au yanakupwa, na hutofautisha bamvua na maji mafu kwa kufuata mwezi. Kilindini, wakati wa bamvua, maji hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3, na feri ya Likoni hupanda na kushuka nayo. Anayeshuka ferini maji yakiwa yamekupwa ana mpando mrefu zaidi hadi Mbaraki kuliko aliyeshuka yakiwa yamejaa, na kifaa kikiwapa tarakimu mbili tofauti, huenda mara hiyo kikawa kimesema kweli. Mvuvi angeuliza kwanza walivuka saa ngapi. Msomi wa Kiswahili naye anapaswa kuuliza hivyo, na kuwafundisha wengine kuuliza.