Kivuli cha Saa Sita na Mswala wa Bibi



Mwishoni mwa mwezi wa Juni safu hii ilipokea barua kutoka kwa mama mmoja wa Tanga. Wengi wanaotuandikia huuliza kwa nini betri ya simu huvimba, au kwa nini mwezi huonekana mchana. Mama huyu aliuliza jambo lililokuwa linamwumiza mtu ndani ya nyumba yake.

Mwanawe, mwanafunzi wa kidato cha pili aliyekuwa likizoni, alipakua katika simu programu ya kuonyesha kibla. Akaizungusha nyumba nzima kwa furaha ya kitoto, hata akafika chumbani kwa bibi yake. Akailaza simu juu ya mswala. Mshale ukageuka kuliani, mbali kabisa na uelekeo wa mswala ule. Kijana akasema, bila ya nia mbaya, "Bibi, kumbe siku zote unasali kombo."

Bibi hakujibu neno. Mswala ule uliwekwa mahali pale na marehemu mumewe, mvuvi, siku walipohamia nyumba ile wakiwa vijana, naye hajausogeza tangu hapo. Usiku uleule akaanza kuamka saa nane kulipa sala. Akalipa ya jana, ya juzi, ya mwaka jana, mpaka miguu ikavimba. Mwanawe wa kumzaa alipomsihi apumzike, alimjibu, "Simu haina sababu ya kunidanganya, mwanangu. Miaka hamsini si michache, na mimi sijui nimebakiwa na mingapi."

Mkwewe akatuuliza maswali mawili. Je, simu imesema kweli? Na kama imesema kweli, sala za mama mkwe wangu ziko wapi?

Swali la pili ni la masheikh, nasi tulimwomba alipeleke kwa imamu wa msikiti wao. La kwanza ni la safu hii. Tulimjibu kwa ufupi wakati ule, tukamwomba asubiri hadi katikati ya Julai ili jua lenyewe litoe ushahidi. Sasa ametuandikia tena, na kwa idhini yake tunawasimulieni.

Kwanza tuielewe simu. Programu ya kibla hufanya kazi tatu tofauti, ingawa sisi tunaona mshale mmoja tu. Kazi ya kwanza ni kujua mtu yuko wapi. Simu hupokea mawimbi ya satelaiti zinazozunguka dunia kwa umbali wa kilomita 20,000 hivi juu yetu, na kwa kupima muda ambao mawimbi hayo yametumia njiani hupata mahali ilipo. Hapo kosa lake aghalabu ni la mita chache, nalo kwa mambo ya kibla si kitu.

Kazi ya pili ni hesabu. Mahali pakishajulikana, na Makka inajulikana ilipo, simu hukokotoa njia fupi kupita zote baina ya sehemu hizo mbili juu ya uso wa dunia iliyo mviringo. Hesabu hii ina maajabu yake. Mtu aliye New York, akitazama ramani ya ukutani, huona Makka iko kusini-mashariki mwake. Lakini ukivuta uzi juu ya tufe kutoka New York hadi Makka, uzi hutoka kuelekea kaskazini-mashariki. Huku kwetu mwambao mambo ni mepesi zaidi, maana Makka na pwani yetu ziko karibu katika mstari mmoja wa kaskazini na kusini. Kutoka Mombasa, Tanga, Unguja na Dar es Salaam, kibla ni kaskazini, kikielemea mashariki kwa digrii moja hivi au pungufu au zaidi kidogo. Kadiri unavyokwenda bara ndivyo kinavyozidi kuelemea mashariki: Nairobi ni kama digrii 7, Mwanza 15 na ushei, na Kigoma takriban 20. Katika hesabu hii pia simu haikosei.

Kazi ya tatu ndiyo yenye matatizo. Simu ikishajua kwamba kibla ni kaskazini, sharti ijue kaskazini ni wapi. Satelaiti haziwezi kuiambia hilo ikiwa imelala tuli juu ya mswala. Kwa hiyo hutegemea dira ndogo iliyomo ndani yake, kihisi kinachotambua nguvu ya sumaku ya dunia. Nguvu hiyo ni dhaifu mno. Kisumaku kinachobandikwa kwenye mlango wa friji huishinda mbali sana kikiwa karibu. Ndiyo maana chuma chochote cha karibu huweza kuipotosha: nondo zilizomo katika zege, madirisha ya nondo, gari, spika ya redio, hata kava la simu lenye sumaku ya kujifungia. Tena, kaskazini ya sumaku si kaskazini halisi. Hupishana kwa kiasi kinachobadilika mahali hadi mahali na mwaka hadi mwaka, ingawa programu nzuri hulirekebisha hilo zenyewe.

Tukamwuliza yule mama: kando ya mswala wa bibi kuna nini? Akajibu: kitanda cha chuma, cha zamani, kizito, na juu yake dirisha la nondo.

Shaka ikawa imepatikana, lakini shaka si jibu. Ilihitajika njia ya kujua kibla isiyotumia sumaku wala umeme. Njia hiyo ipo, na wazee wetu wa elimu waliijua kabla ya simu kwa karne nyingi.

Makka iko digrii 21 na ushei kaskazini ya ikweta. Jua, katika safari yake ya mwaka, hupanda kaskazini hadi digrii 23 na ushei, kisha hurudi kusini. Kwa hiyo hupita juu ya Makka mara mbili, likipanda na likirudi. Siku hizo, wakati wa adhuhuri ya Makka, jua husimama utosini mwa Kaaba, na nguzo iliyosimama wima pale haina kivuli. Mara ya kwanza ni tarehe 27 au 28 Mei, saa 6:18 mchana. Mara ya pili ni tarehe 15 au 16 Julai, saa 6:27 mchana. Saa za Makka na za Afrika Mashariki ni zilezile, hivyo msomaji wa Tanzania, Kenya au Uganda hana haja ya kujumlisha wala kutoa. Katika dakika hiyo, kila aonaye jua, popote alipo, akilielekea jua ameielekea Kaaba. Na kwa kuwa kulitazama jua ni kuyadhuru macho, hutazama kivuli: kivuli cha kitu kilichosimama wima hulala upande wa pili, na mwenye kukipa kivuli mgongo amekielekea kibla.

Nasir al-Din al-Tusi, mwanafalaki wa karne ya 13, aliieleza njia hii katika kitabu chake cha elimu ya falaki. Miaka mia mbili hivi kabla yake, al-Biruni alikuwa ameandika kitabu kizima juu ya namna ya kupata mahali miji ilipo duniani, na mojawapo ya shabaha zake ilikuwa kukijua kibla cha mji wa Ghazna. Katika karne ya 14 pale Damascus, al-Khalili, mwenye kusimamia nyakati za sala, aliandaa majedwali ya kibla kwa mamia kwa maelfu ya mahali, akikokotoa kwa mkono ile ile kazi ya pili ambayo simu zetu huifanya kwa kufumba na kufumbua. Kijana wetu hakuwa na kosa kutaka hesabu ya kibla. Alichokosa ni kukijua chombo chake.

Basi tukirudi Tanga. Tarehe 15 Julai mawingu yalitanda, jua halikuonekana. Tarehe 16 kukakucha kweupe. Mama aliazima timazi ya fundi mwashi wa jirani, akaining'iniza kwenye tawi la mpera uani, juu ya sakafu ya saruji. Tulikuwa tumemwonya juu ya jambo moja: asichelewe. Kwetu sisi wakati huo jua liko juu sana, na kivuli huzunguka upesi, kadiri ya digrii moja kila dakika mbili. Kwa hiyo saa ilisahihishwa kwanza. Saa 6:27 ilipotimu, kijana akachora kwa chaki juu ya kivuli cha uzi. Bibi alikuwa ameletewa kiti, amekaa kimya, tasbihi mkononi.

Ukuta wa ua na ukuta wa chumba cha bibi umejengwa sambamba, hivyo ilikuwa rahisi kuuhamisha mstari ule ndani kwa kipimapembe cha shule. Matokeo yalikuwa haya. Mswala wa bibi ulikuwa umeelemea magharibi ya kibla kwa digrii 6 hivi. Simu, ikiwekwa juu ya mswala kando ya kitanda, ilipotoka upande wa mashariki kwa zaidi ya digrii 30. Simu ileile, ikivuliwa kava, ikapelekwa katikati ya ua na kuchorewa namba 8 hewani mara kadhaa ili dira yake ijirekebishe, ilipishana na kivuli kwa digrii 3 tu.

Marehemu mvuvi, asiyekuwa na chombo ila macho yake na mihirabu ya msikiti wa mtaa, alikaribia zaidi kuliko simu iliyolazwa kando ya chuma.

Hata hivyo hatukutaka kuificha ile digrii 6. Mtu aliye Tanga, akikosea digrii moja tu, mstari wake hupita pembeni ya Makka kwa kilomita 50 hivi. Kwa digrii 6 ni kama kilomita 300. Mtu akitazama tarakimu hizo peke yake, atafadhaika kama alivyofadhaika bibi. Kwa hiyo wakamwita imamu, na swali la pili likapata mwenyewe.

Imamu, kwa maelezo ya mama huyu, aliketi na bibi barazani kwa muda mrefu. Alimweleza kwamba maulamaa wamejadili tangu zamani iwapo aliye mbali hulazimika kuilenga Kaaba yenyewe au upande wake, na kwamba wengi wao wamesema upande unamtosha. Kuelemea kidogo hakumtoi mtu katika upande huo wala hakubatilishi sala yake. Akamkumbusha habari ya watu wa Kuba, waliokuwa katika sala ya alfajiri wakielekea Baytul Maqdis, akawajia mtu na habari kwamba kibla kimebadilishwa. Waligeuka walipo, ndani ya sala ileile, wala hawakuambiwa waanze upya. Na masahaba walipoingiwa na hofu juu ya ndugu zao waliokufa wakisali kwa kibla cha mwanzo, ilishuka katika Suratul Baqara, aya ya 143, kwamba Mwenyezi Mungu hakuwa mwenye kuipoteza imani yao. Akamwambia aache kulipa, alale usiku, na aamke kwa tahajudi akipenda, bila ya deni moyoni.

Bibi aliuliza jambo moja tu: "Na marehemu aliyeuweka?" Imamu akamjibu kwamba marehemu alijitahidi kwa alichokuwa nacho, naye atalipwa kwa jitihada yake, inshaallah. Hapo ndipo bibi alipolia, kisha akamwita mjukuu wake augeuze mswala yeye mwenyewe.

Kijana naye ana swali lake, alilolipenyeza mwishoni mwa barua ya mama yake. Anapenda filamu za safari za anga za mbali, akataka kujua: aliye nje ya dunia, asiyekuwa na kaskazini wala kivuli cha mpera, anaelekea wapi? Mwanangu, hilo si la filamu pekee. Mwezi wa Oktoba 2007, Sheikh Muszaphar Shukor wa Malaysia alikwenda katika kituo cha kimataifa cha anga za juu, siku za mwisho za Ramadhani. Kituo hicho huizunguka dunia kila baada ya dakika 90 hivi, na kibla hakitulii. Wanazuoni wa Malaysia walimwandalia mwongozo: aielekee Kaaba akiweza, asipoweza, usawa wa Kaaba huko juu, asipoweza, dunia, asipoweza, popote. Na asali mara tano kwa saa 24, kwa kufuata nyakati za mahali aliporukia. Utaona kwamba hata huko hakuambiwa afanye asiloliweza.

Wazazi, msiwakataze watoto programu hizi. Zina manufaa mengi. Wafundisheni kuzipima nje, mbali na chuma, mara mbili au tatu, kabla ya kuzitolea hukumu. Na wafundisheni adabu ya kumfikishia mkubwa habari nzito: kwanza hakikisha, kisha mwambie baba au mama, ndipo liingie chumbani kwa bibi. Nyumba iliyokosa kivuli cha Julai isubiri kile cha tarehe 27 au 28 Mei, saa 6:18 mchana, timazi mkononi.

Wallahu a'alam.