Kura ya Jimbo Isiishie Mpakani

Ndugu wafanyakazi wa Rubaya na Bisie, nanyi wenyeji wa miji, tunataka kusema habari ya ndugu zetu walio nje.

Tarehe 20 Desemba 2023 Wakongo wa Ubelgiji, Ufaransa, Marekani, Kanada na Afrika Kusini walipiga kura huko huko waliko, mara ya kwanza. Tulifurahi. Lakini sheria iliwapa kura ya Rais tu. Ya mbunge wa jimbo hawakupewa. Na mtu wa Masisi aliyekimbilia Rwamwanja au Nakivale, katika Uganda, hakupata hata hiyo moja, maana Uganda haikuwamo katika nchi zile tano. Siku ile Walikale walipiga kura. Masisi yenyewe haikupiga, kwa sababu ya vita.

Wako wanaosema: aliye nje ana shauri gani na mambo ya jimbo? Sisi twauliza, mali ya mgodi inakwenda wapi? Kwa sheria ya madini ya 2018, katika kila faranga 100 za mrabaha, 50 ni za serikali kuu, 25 za jimbo, 15 za sekta au uchifu wenye mgodi, 10 za vizazi vijavyo. Zile 25 zapasa kuwa mkononi mwa gavana aliyechaguliwa na wabunge wa jimbo. (Tangu Mei 2021, kwa amri ya hali ya kuzingirwa, tuliwekewa askari, hilo nalo tutalisema siku yake.) Mwenye shamba la Masisi anayelala leo chini ya turubai bado ni mwenye shamba. Barabara, shule na masoko atakayoyakuta akirudi yanaamuliwa bila yeye.

Twajua neno linalonong'onwa: orodha za nje, hasa za kambi za Rwanda, zitaleta wageni. Hatulidharau. Vita vya 1993 vilianzia Ntoto, Walikale, vikaingia Masisi, na swali la nani ni mwenyeji lilikuwamo ndani yake. Basi majina yaandikwe kwa kijiji cha asili, yabandikwe kambini na nyumbani pia, na mwenye kupinga apinge mbele ya hakimu, si kwa panga.

Twaitaka CENI iandikishe watu wa makambi kabla ya uchaguzi ujao. Twalitaka bunge la Kinshasa libadili sheria, aliye Bruxelles naye amchague mbunge wa jimbo lake. Wabunge wa Walikale waliopata viti 2023 waanze kulisema neno hili, maana jirani yao Masisi hakupewa wa kumsemea.