Theluji Iliyokataliwa: Neno kwa Wazazi Wenye Watoto Waulizao



Mwezi huu twataka kunena juu ya jambo ambalo wazazi na walimu wa upande wa Mabogini wametuletea zaidi ya mara moja. Kijana aliyebatizwa, akafundishwa Katekisimo, akapata kipaimara, amerudi kutoka masomoni. Jioni aketipo pamoja na wazee hunena hivi: "Biblia ni hadithi za watu wa kale. Nani aliyeona? Tena dini hii ililetwa na wale waliotutawala. Tena mtu aweza kuwa mwema pasipo Amri Kumi." Baba hukasirika, hupiga meza, humwamuru kijana anyamaze. Kijana hunyamaza kweli. Lakini Jumapili haonekani kanisani, na baada ya miezi michache haonekani hata mezani.

Basi twauliza: je, hasira ya baba ilimjibu kijana? Haikumjibu. Ilimwonyesha tu ya kuwa nyumbani mwao hamna jibu. Mtume Petro, katika waraka wake wa kwanza, mlango wa 3, awataka Wakristo wawe tayari kumjibu kila aulizaye habari za tumaini lao, tena wajibu kwa upole. Hakuwaagiza wamnyamazishe. Kwa hiyo na tuyatazame maneno hayo matatu, moja moja, kama watu wasioogopa nuru.

Neno la kwanza: Nani aliyeona?

Mtu akaaye Mabogini, mawingu yaondokapo asubuhi, huinua macho akaiona Kibo na weupe wake. Hahitaji kushawishiwa. Lakini palikuwa na wakati ambapo watu wenye elimu nyingi walikataa kabisa ya kuwa weupe ule ni theluji.

Tarehe 11 Mei 1848 Johannes Rebmann, mmisionari Mjerumani aliyetumwa na chama cha Kiingereza cha CMS, alikuwa njiani kutoka Rabai kuja Uchagani. Akaona kitu cheupe juu ya mlima. Kiongozi wake akakiita baridi tu. Rebmann akatambua ya kuwa ni theluji. Siku ile alisoma Zaburi ya 111, isimuliayo matendo makuu ya Mungu. Habari zake zilipochapishwa Ulaya mwaka 1849, wengine walizikataa. Mmoja wao, William Desborough Cooley wa London, alizipinga kwa miaka mingi. Bwana huyu alikuwa amesoma vitabu vingi vya habari za Afrika, walakini hakuikanyaga hata siku moja. Kwake yeye theluji karibu na ikweta haikuwezekana. Basi aliyesema ameiona, hakika amekosea. Mwaka 1861 Karl Klaus von der Decken alifika mlimani pamoja na Richard Thornton, mjuzi wa miamba. Mwaka 1862 akarudi pamoja na Otto Kersten, wakapanda zaidi ya mita 4,000, na theluji ikawaangukia. Hata hapo Cooley hakukubali.

Twasema wazi: theluji ya Kibo haithibitishi Biblia, wala mtu asiichukue habari hii kama rungu la kumpigia mtoto wake. Yatufundisha jambo moja tu. Kosa la Cooley halikuwa kuuliza, maana kuuliza ni kwema. Kosa lake ni kwamba aliamua kwanza lipi laweza kuwako na lipi haliwezi, kisha akamhukumu shahidi kwa uamuzi huo. Ndivyo afanyavyo asemaye, "Wafu hawafufuki, kwa hiyo mitume walidanganya." Huyo hajawapima mashahidi bado. Na awapime! Na aulize walisema nini, walipata faida gani kwa kusema, na kwa nini Paulo, katika Wakorintho wa kwanza, mlango wa 15, ataja watu zaidi ya 500 waliomwona Bwana, akiongeza ya kuwa wengi wao wangali hai. Mwongo hawataji mashahidi wanaoweza kuulizwa.

Tena fikirini hili. Barafu ya Kibo yapungua. Tangu mwaka 1912 zaidi ya sehemu nane katika kumi zimekwisha kutoweka, na wataalamu waona ya kuwa huenda ikaisha yote. Siku hiyo wajukuu zetu watatazama mwamba mtupu. Watakuwa na ushuhuda wetu, na picha pia. Lakini hata picha yahitaji kumwamini aliyeipiga. Wakituita waongo kwa sababu tu wao hawakuona, je, watakuwa wametenda haki?

Neno la pili: Dini hii ililetwa na watawala.

Hapa mzazi asikimbilie kujitetea, maana ndani ya neno hili mna maumivu ya kweli. Wamisionari wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893, wakati ambapo Wajerumani walikuwa wakiitiisha nchi kwa bunduki. Tarehe 2 Machi 1900 Mangi Meli alinyongwa huko Old Moshi pamoja na wenzake. Husimuliwa ya kuwa kichwa chake kilipelekwa Ujerumani, na watu wa ukoo wake wamekitafuta kwa miaka mingi. Mkristo asiyeweza kusikitika kwa habari hii hajafundishwa vema.

Lakini twamwuliza kijana: Wayapima mambo hayo kwa kipimo gani, hata uyaite maovu? Kipimo kimoja kimo katika kitabu kile kile unachokikataa. Fungua Wafalme wa kwanza, mlango wa 21. Mfalme Ahabu alitamani shamba la Nabothi. Nabothi akasingiziwa, akauawa, shamba likatwaliwa. Ndipo Mungu akamtuma Eliya amwambie mfalme uso kwa uso ya kuwa ameua na kutwaa. Kwa hiyo mtawala ajaye na Biblia mkononi na bunduki begani ameleta hukumu yake mwenyewe, awe anajua au hajui.

Tena, kama imani ingalikuwa mali ya wageni, ingaliondoka pamoja nao. Baada ya vita kuu ya kwanza, mwaka 1920, wamisionari Wajerumani walifukuzwa katika nchi hii. Ni nani basi aliyeshika sala, mafundisho na shule vijijini? Walimu Wachaga, watoto wa mlima huu. Wangaliweza kufunga milango, wakisema mzigo wa mgeni umeondoka. Hawakufanya hivyo. Na Kanisa la Kiinjili la Kilutheri lilipounganishwa kuwa moja katika nchi hii mwaka 1963, mkuu wake wa kwanza alikuwa Stefano Moshi, mwana wa mlima huu huu. Mbegu yaweza kuletwa na mkono wa mgeni. Lakini ikiota mizizi katika udongo wako, ikakulisha wewe na watoto wako, si ya mgeni tena.

Neno la tatu: Mtu aweza kuwa mwema pasipo Amri Kumi.

Na hili tusilikane lote. Wazee wetu walimwita Mungu Ruwa kabla hawajaona kitabu, nao walikuwa na sheria za ukoo, za ujirani na za mifereji. Mmisionari Bruno Gutmann, aliyekaa Old Moshi miaka mingi, aliandika vitabu vikubwa juu ya sheria na mafundisho hayo. Paulo naye, katika Warumi, mlango wa 2, akiri ya kuwa watu wasio na torati wana sheria iliyoandikwa mioyoni mwao. Basi tukimwona jirani asiyesali naye ni mwaminifu, tusishangae wala tusimtukane. Na tumshukuru Mungu kwa ajili yake.

Lakini tushuke mashambani. Watu wa Mabogini wanajua maana ya maji. Tangu mradi wa Lower Moshi ulipojengwa kwa msaada wa Japani katika miaka ya 1980, majaruba ya mpunga yamelisha nyumba nyingi. Walakini maji ya Njoro na Rau hayawatoshi wote wanaoyataka. Basi pana zamu. Usiku wa manane, mwenye zamu amelala, mtu aweza kufungua mfereji kidogo, akanywesha jaruba lake, akafunga tena. Hakuna aliyemwona. Asubuhi aweza hata kumpa mwenzake pole kwa ukame.

Ni nini kitakachomzuia? Faini humzuia akiogopa kukamatwa. Desturi humzuia akiogopa aibu. Hayo ni mema, lakini yote mawili hutaka mtu wa kuona. Amri ya Mungu hukaa naye gizani, ikimwambia ya kuwa jirani aliyelala ni kiumbe cha Mungu, na kumwibia ni kumkosa Muumba wake. Tena Injili yafanya jambo ambalo faini haiwezi. Somo la Zakayo, katika Luka, mlango wa 19, latuonyesha mwizi aliyepokewa kabla hajalipa, naye kwa kupokewa huko akaahidi kurudisha mara nne. Sheria yaweza kumwadhibu mwizi wa maji. Kumgeuza awe mtu wa kurudisha kwa furaha ni kazi nyingine.

Twajua kijana atajibu nini: "Nimewaona wanaofungua mifereji usiku, na Jumapili wanaimba kwaya." Ole wetu! Jibu hili ni zito kuliko yale matatu yote, wala halijibiwi kwa maneno. Kijana huipima Injili kwa jaruba la baba yake.

Kwa hiyo, ninyi wazazi na walimu, twawashauri hivi. Msikilizeni mtoto mpaka amalize. Msilolijua semeni hamlijui, kisha mlitafute pamoja naye. Someni naye Injili ya Marko, mlango mmoja kila jioni. Ni milango 16 tu, mwezi hautaisha kabla hamjamaliza. Na kama pana maji ya mtu mliyoyachukua, nendeni mkayarudishe kwanza, mtoto akiona.

Na yule aliyekwisha kuondoka mezani? Sahani yake iwekwe kila jioni. Yule baba wa Luka 15 hakungoja mwanawe amalize kuungama ndipo amkimbilie.

Bwana awape hekima na upole. Amina.