MAMBO YA BANDARINI: Duka la Manowari

Mtu apitaye Shimanzi huyatazama kwanza matangi ya mafuta, kisha mabohari. Mafuta yana sifa kuliko magunia. Hata hivyo, wasomaji wapenzi, leo nawaletea habari za magunia, kwani wengi wetu tukiiona manowari hudhani kwamba nguvu zake zote zimo katika mizinga.

Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao. Aprili 1966 Umoja wa Mataifa uliipa Uingereza idhini ya kuzuia, hata kwa nguvu, meli zilizopeleka mafuta ya Rhodesia katika bandari ya Beira. Manowari zikalinda bahari ile hata Juni 1975, miaka tisa na zaidi. Kutoka Kilindini, ambako mabaharia walikuja kupumzika, ni mwendo wa maili elfu moja na zaidi. Lau kila manowari ingalirudi Mombasa kila unga ulipokwisha, mlango ungalibaki wazi. Basi duka likawafuata huko huko.

Duka hilo ni meli ya shehena kavu: unga, viazi, nyama ya makopo, vipuri, sabuni, hata taa. Kwa Waingereza kazi hiyo ni ya Royal Fleet Auxiliary, iliyoanzishwa mwaka 1905, ambayo mabaharia wake ni raia. Namna ya kugawa ni ya ajabu. Meli mbili hwenda sambamba, mwendo mmoja, zikiachana hatua chache tu. Bunduki hurusha uzi mwembamba. Uzi huvuta kamba, kamba huvuta waya, na juu ya waya mizigo huvuka huku mawimbi yakichemka chini. Mshika usukani akisinzia kidogo, meli hugongana au waya hukatika. Siku nyingine helikopta huchukua mizigo katika wavu.

Mimi ni karani, na nakiri kwamba namfikiria zaidi karani wa meli hiyo. Sisi tukikosea hesabu bohari liko pale pale, twarudi kuhesabu tena. Yeye akisahau kipuri kimoja, manowari itakingoja katikati ya bahari.

Pamoja na taabu yote hiyo, Rhodesia haikukosa mafuta. Yalipitia Lourenço Marques na Afrika Kusini, ambako manowari hazikuagizwa kuzuia. Mlango mmoja ulilindwa kwa uaminifu, na mwingine ukaachwa.

Ulinzi ulikoma Msumbiji ilipopata uhuru, tarehe 25 Juni 1975. Meli tatu zilizojengwa hasa kwa kazi ya duka, Lyness, Stromness na Tarbatness, zilizoanza kazi mwaka 1966 na 1967, ziliuzwa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1980. Huko zilipewa majina ya nyota na sayari, Sirius, Saturn na Spica, zikaendelea kuchukua unga na viazi.