Barua iliyosema kinyume: tusahihishe Kiingereza nyumbani kwa adabu



Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), aliyemjaalia mwanadamu ulimi na ufahamu. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w), jamaa zake na Maswahaba wake wote.

Ndugu msomaji, wiki hii tumekusudia kuzungumzia jambo ambalo huenda ukashangaa kulikuta katika ukurasa wa familia: makosa ya sarufi katika Kiingereza cha watoto wetu, na cha kwetu sisi wazazi na walezi. Tutaanza kwa kukiri kosa letu wenyewe, kwani anayetaka kusahihisha wengine hana budi kuonesha kwanza daftari lake.

Kamati ya msikiti wetu ilikuwa ikijenga madrasa. Kuta zilisimama, likabaki paa. Wahisani walio nje ya nchi waliahidi fedha za mabati na mbao, wakatuarifu kuwa wamekwishazituma. Miezi miwili ikapita, nasi hatukuona kitu. Kwa kuwa kalamu ya kamati iko mikononi mwetu, tulikaa tukaandika barua ya kukumbusha. Tulichokusudia kusema ni hiki: "Hatujapokea fedha mpaka sasa." Tulichoandika ni hiki: "We did not receive the money until now." Tukaisoma mara mbili, tukairidhia, tukaituma.

Jibu halikuchelewa, nalo lilijaa furaha. Wahisani wale walimshukuru Allah kwamba hatimaye fedha zimefika, wakatuombea baraka katika ujenzi, na wakaacha kufuatilia benki. Tuliduwaa. Kumbe sentensi yetu, kwa Kiingereza, ilikuwa imesema kinyume cha tulichokusudia. Mwingereza akisema hivyo, humaanisha: "Hatukuzipata hapo kabla, ila sasa ndiyo tumezipata." Tulipaswa kuandika: "We have not yet received the money." Fedha zilikuwa zimekwama njiani, nasi kwa mkono wetu tukawathibitishia wenzetu kuwa zimefika. Kuandikiana upya, kueleza na kutafuta nyaraka kulichukua wiki nyingi. Masika yakaingia, na watoto wakasomea barazani, wakisogea huku na huko kukimbia manyunyu.

Hilo lilikuwa zito, lakini lililofuata lilikuwa zito zaidi. Barua ile ilichapwa na mtoto wa dada yetu, binti wa kidato cha pili. Tulipomsimulia mkasa, aliinamisha kichwa akasema, "Mjomba, mimi niliiona siku ile ile. Mwalimu wetu alitufundisha." Tukamuuliza kwa nini hakusema. Akanyamaza kidogo, kisha akajibu, "Siku wale wageni walipokuja, nilizungumza Kiingereza nikakosea, mkacheka wote. Nikaona, kama mimi nimechekwa, itakuwaje nikimwambia mjomba kuwa amekosea?"

Ndugu msomaji, hatukuwa na jibu. Kicheko kile tulikuwa tumekisahau jioni ile ile. Yeye alikaa nacho kwa miezi. Tulidhani kosa letu lilikuwa la sarufi tu. Kumbe sarufi sahihi ilikuwemo nyumbani mwetu, imeketi mbele ya kompyuta, nasi tulikuwa tumeifunga mdomo.

Kujifunza lugha ya watu

Huenda mzazi akauliza: Kiingereza kina nini hata tukihangaikie hivi? Hatusemi kwamba lugha hiyo ni kipimo cha akili, wala cha utu. Lakini hapa kwetu Tanzania mtoto anayesoma shule ya msingi ya serikali hufundishwa kwa Kiswahili, na akiingia kidato cha kwanza karibu masomo yote humgeukia kwa Kiingereza. Baiolojia, historia na hesabu anazozielewa huzijibu kwa lugha ambayo bado anaipapasa.

Tena si jambo geni katika dini yetu. Imepokewa kwamba Mtume (s.a.w) alimwamuru Zayd bin Thabit (r.a) kujifunza maandishi ya Mayahudi, kwa kuwa hakuwa na uhakika nao katika barua zake. Zayd akayamudu kwa muda wa kama nusu mwezi, akawa ndiye mwandishi na msomaji wa barua hizo. Sisi tunaoshika kalamu za misikiti tuna funzo hapo: barua ni amana, na lugha ya barua ni sehemu ya amana hiyo.

Kila kosa lina shina

Tulipokaa na binti yetu yule kupitia madaftari yake na nakala za barua zetu, tuligundua kwamba makosa mengi si ya uzembe. Yana shina, na shina lenyewe ni Kiswahili chetu kizuri, kinachovikwa maneno ya Kiingereza. Anayelijua shina hulitambua kosa kwa urahisi. Tutaje machache.

La kwanza ni mtenda kutajwa mara mbili. Mtoto huandika: "My father he works at the harbour." Katika Kiswahili kitenzi huhitaji kiambishi cha mtenda hata kama jina limekwishatajwa: baba yangu anafanya kazi bandarini. Ile "a" ya "anafanya" ndiyo mtoto aliyoibeba na kuigeuza "he". Kiingereza kikishamtaja mtenda kwa jina, hakimrudii: "My father works at the harbour." Njia ya kulikamata kosa hili ni kuziba neno "he" au "she" kwa kidole. Ikiwa sentensi bado imesimama, neno hilo halikuhitajika.

La pili ni kuchanganya "he" na "she". "My mother is in the kitchen. He is cooking." Wenye kujua lugha hiyo hucheka, lakini kosa linaeleweka: "yeye" wetu ni mmoja, mwanamume kwa mwanamke. Hapa mtoto wa madrasa ana hazina ambayo hatumkumbushi kuitumia. Muulize: "Kwa Kiarabu ungesema huwa au hiya?" Atajibu hiya bila kusita, na hapo hapo atajua kuwa ni "she". Ila aelezwe kwamba Kiarabu hugawa hata vitu katika uke na uume, jua likawa la kike na mwezi wa kiume, ilhali Kiingereza vitu visivyo na uhai kwa kawaida huviita "it".

La tatu ni wakati uliopita kubebwa mara mbili: "I did not went to school." Neno "did" limekwisha kuubeba wakati uliopita, na gunia moja halihitaji wachukuzi wawili. Kitenzi kinachofuata hurudi katika umbo lake la asili: "I did not go to school." Vivyo hivyo katika swali, hatusemi "Did you prayed?" bali "Did you pray?"

La nne ni ndugu wa lile lililotuponza. Kwa Kiswahili cha mazungumzo mtu husema "nimemwona jana" na hakuna wa kumshangaa. Akiibeba "-me-" hiyo kwenda nayo katika Kiingereza, huandika "I have seen him yesterday." Kiingereza hakikubali "have" ya namna hii ikae pamoja na wakati uliokwisha na ukatajwa. Ukiona jana, juzi, mwaka jana au tarehe iliyopita, ondoa "have": "I saw him yesterday." Wakati usipotajwa, "I have seen him" inafaa.

La tano ni "Borrow me your pen." Kuazima kwetu hutumika kwa anayetoa na kwa anayepokea pia. Kiingereza hutenganisha, kama sisi tunavyotenganisha kukopa na kukopesha. Anayepokea ndiye wa "borrow", anayetoa ndiye wa "lend". Basi iwe "Lend me your pen", au "May I borrow your pen?"

La sita tunaomba lizingatiwe zaidi, kwa sababu linaweza kumfanya mtoto mkweli aitwe mwongo. Mwalimu anauliza: "Didn't you do your homework?" Mtoto hakuifanya. Kwa Kiswahili angejibu, "Ndiyo, sikufanya," yaani, ni kama ulivyosema. Basi naye anajibu, "Yes, sir." Mwalimu anaelewa kwamba ameifanya. Anadai daftari, halipo, na mtoto anaadhibiwa kwa makosa mawili: kutofanya kazi na kusema uongo. Ilhali alisema kweli, kwa sarufi ya mama yake.

Kiingereza hakijibu umbo la swali. Hujibu jambo lenyewe. Ikiwa hukufanya, ni "No, I didn't", na ikiwa umefanya, ni "Yes, I did", liwe swali limekanushwa au halikukanushwa. Hapa pia Kiarabu kinatusaidia kuona tofauti. Kiarabu kina "na'am", inayoliafiki swali la kukanusha kama lilivyo, na kina "bala", inayouvunja ukanushaji huo na kuthibitisha kinyume chake. Wanazuoni wameeleza uzito wa tofauti hii katika tafsiri ya Sura al-A'raf, pale wanadamu walipoulizwa kuhusu Mola wao nao wakajibu kwa "bala". Neno hilo, bila shaka, si balaa yetu ya Kiswahili. Balaa ni kujibu "yes" mahali pa "no".

Mengine tuyapitie kwa haraka. "Informations", "advices" na "furnitures" ziondolewe "s" ya mwisho, kwani Kiingereza hakiyahesabu maneno hayo. "More better" iwe "better". "Discuss about the matter" iwe "discuss the matter". "Return back" iwe "return", kwa sababu kurudi ni kurudi.

Baba, binti na nyota

Sasa turudi kwa binti yetu na kicheko chetu. Katika historia ya elimu ya nahau inasimuliwa habari ya Abul-Aswad ad-Du'ali wa Basra. Masimulizi yanatofautiana, lakini lililo mashuhuri ni kwamba usiku mmoja binti yake alitazama juu akataka kustaajabia uzuri wa mbingu. Akakosea irabu, na mshangao wake ukageuka kuwa swali: ni kipi kilicho kizuri zaidi mbinguni? Baba akamjibu, "Ni nyota zake." Binti akasema kuwa hakuuliza, alikuwa akistaajabu. Ndipo baba alipomwonesha namna ya kusema. Inaelezwa kuwa tukio hilo lilikuwa miongoni mwa yaliyomsukuma kuanza kuweka misingi ya nahau.

Tazama mpangilio wake. Kwanza baba alimsikiliza mtoto na kumjibu kwa heshima kama alivyomwelewa. Pili, akampa nafasi ya kueleza kusudio lake. Tatu, akampa sentensi sahihi. Na lilipompita kosa hilo, hakusema mtoto wake ni mjinga. Alitambua kwamba watu wanahitaji kanuni, akaanza kuzitafuta.

Tena tunaye aliye bora zaidi wa kumfuata. Sahaba Mu'awiya bin al-Hakam as-Sulami (r.a) alizungumza ndani ya Sala kwa kutojua, watu wakamkodolea macho. Sala ilipokwisha, Mtume (s.a.w) hakumkemea wala hakumtukana, bali alimwelekeza, na sahaba yule akashuhudia kwamba hakuwahi kuona mwalimu bora kuliko yeye. Ikiwa huo ndio upole katika kosa la ndani ya Sala, je, katika "he" na "she"?

Nyumbani mwetu tumejiwekea utaratibu. Baada ya Isha, siku mbili kwa wiki, kila mmoja huleta sentensi tatu alizoandika, nasi tukiwemo. Hatuanzi na kosa, tunaanza kwa kuuliza, "Ulikusudia kusema nini?" Kisha tunatafuta shina lake katika Kiswahili, ndipo tunaandika upya. Mbele ya wageni hatumsahihishi mtu. Tukisikia kosa, tunairudia sentensi ile kwa usahihi katika jibu letu na kuendelea na mazungumzo. Mwenye kusikia atasikia. Na kucheka kosa la mtu ni marufuku, isipokuwa mwenyewe aanze.

Mzazi asiyejua Kiingereza asijitoe. Swali la "ulikusudia nini?" huulizwa kwa Kiswahili, na mara nyingi mtoto akilijibu hulitambua kosa lake mwenyewe.

Na mtoto naye apewe ruhusa ya kutusahihisha, afundishwe adabu yake: atoe salamu, aombe idhini, aseme kwa sauti ya chini. Sisi tulimwomba radhi binti yetu mbele ya wale wale waliocheka. Haikuwa rahisi kwa mjomba mwenye cheo cha katibu, lakini lililo haki halishushi hadhi ya mtu.

Alhamdulillah, fedha zilipatikana na mabati yamekwishapigwa. Siku hizi hakuna barua ya kamati inayoondoka kwa Kiingereza kabla binti huyo hajaipitia. Juma lililopita alirudi na karatasi mkononi, akatoa salamu, akasema, "Mjomba, mstari wa nne, kwa idhini yako."

Tukamwomba akae, tukachukua kalamu.

Wabillahi tawfiq.