TUSI SI JIBU

Wandugu wa Yangambi na Kisangani, ninyi wa migodini na ninyi wakaaji wa mji!

Siku hizi mtu akisema neno lisilopendeza chama fulani, halijibiwi. Anaitwa msaliti. Anaitwa mtu wa kununuliwa. Wanamwuliza kabila lake na kijiji cha babu yake. Je, hilo ndilo jibu?

Tunajua njia hii inafika wapi. Mwezi wa Julai 1959 chama cha MNC kilipasuka: Lumumba upande huu, Kalonji upande ule. Agosti 1960, uhuru haujatimiza miezi miwili, Kalonji akatangaza Kasai Kusini kuwa nchi mbali. Tarehe 17 Januari 1961 Lumumba akauawa Katanga. Nani alipata faida? Si mfanyakazi.

Tena mwaka 2023, hapa karibu, Lubunga, Wambole na Walengola waligombana kwa ardhi. Shauri la ardhi huamuliwa kwa karatasi na mashahidi. Lile liliingia mikononi mwa panga. Watu wengi walikufa, nyumba zikaungua, maelfu wakakimbia.

Wakubwa wanaotukanana mkutanoni, kesho wanagawana viti vya uwaziri. Sisi tunabaki kuchimba makaburi.

Basi tunadai hivi: mpinzani aachwe amalize maneno yake. Ajibiwe kwa hoja, si kwa kabila. Na msemaji akianza kutukana, tusimpigie makofi. Tuondoke, tumwache peke yake na kipaza sauti chake.